Kampuni kubwa ya umeme inauza utayari

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wahandisi, na ninyi wanafunzi wa biashara mliokubali kuacha darasa lenu la kodi mje kusikiliza habari za nguzo na nyaya: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nieleze jinsi kampuni kubwa ya umeme inavyoendesha biashara yake. Nazungumzia kampuni inayomiliki mitambo ya kuzalisha, njia za msongo mkubwa, nyaya za mitaani na daftari la wateja, vyote chini ya bodi moja. Mada hii huwa inafundishwa kwa mchoro: bwawa kushoto, nyumba kulia, mshale katikati. Mchoro hauna kosa, ila hauonyeshi pesa zinakopita. Mimi nikikabidhiwa vitabu vya kampuni ya namna hii, huanza na swali moja: mvua isiponyesha, gesi ikipanda bei, au kiwanda kikubwa kikifungwa, hasara inatua kwa nani? Ukishapata jibu la hilo, umeshaielewa kampuni. Mengine ni maelezo.

Tuanze na gharama, maana ndizo zinazoipa biashara hii tabia yake. Bwawa likishajengwa, maji hayanunuliwi. Kinu cha nyuklia kikishawashwa, mafuta yake ni sehemu ndogo ya gharama zote. Nguzo haili kitu, isipokuwa riba ya mkopo ulioisimamisha. Pesa zinatoka kwa mkupuo na kurudi kidogo kidogo kwa miaka 30 au 40, na mwisho wa mwezi benki inadai kiasi kile kile, wateja wawe wamewasha taa au wamezima. Juu ya hayo, bidhaa yenyewe ni shida kuihifadhi. Kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, sekunde kwa sekunde.

Mtu aliyeling'amua jambo hili mapema kuliko wafanyabiashara wenzake ni Samuel Insull. Alizaliwa London mwaka 1859, akaenda Marekani mwaka 1881 kuwa katibu wa Thomas Edison, na mwaka 1892 akahamia Chicago kuongoza kampuni moja kati ya nyingi zilizokuwa zikigombania mitaa ile ile. Mwaka 1894, akiwa ziarani Uingereza katika mji wa Brighton, aliiona mita iliyobuniwa na Arthur Wright. Mita za kawaida zilihesabu uniti. Ya Wright ilionyesha pia kilele, yaani kiasi kikubwa kabisa ambacho mteja aliwahi kuvuta kwa wakati mmoja.

Hebu wachukueni wateja wawili wanaotumia uniti sawa kwa mwezi. Wa kwanza anavuta polepole usiku na mchana. Wa pili anavuta zote kwa saa mbili za jioni. Ukiwatumia bili ya uniti, wanalipa sawa. Lakini yule wa pili amekulazimisha ununue mtambo mkubwa mara kadhaa, unaofanya kazi saa mbili na kukaa bure saa 22 huku mkopo wake ukiendelea kudai. Kwa bei moja ya uniti, wa kwanza anamlipia wa pili, na wala hajui.

Insull alirudi Chicago na kuigeuza hesabu hiyo kuwa mkakati. Alitoza bei ya ngazi mbili, moja ya kilele na moja ya uniti, kisha akawafuata kwa makusudi wateja wanaotumia umeme saa ambazo taa zimezimwa: tramu, viwanda, watengenezaji wa barafu. Kila aliyempata aliujaza mtambo ule ule, gharama kwa uniti ikashuka, naye akashusha bei ili apate wengine. Washindani wake walidhani anauza kwa hasara. Mwaka 1907 kampuni zake mbili kubwa ziliunganishwa kuwa Commonwealth Edison, na wengi wa washindani hao walikuwa wameshanunuliwa.

Alifanya jambo la pili lililowashangaza wenzake. Mwaka 1898, akiwa rais wa chama cha kampuni za umeme za Marekani, aliwashauri waombe kudhibitiwa na serikali. Mfanyabiashara kuomba kupangiwa bei! Lakini tazameni hesabu yake. Mkopo wa miaka 30 huwa na riba ndogo pale mkopeshaji anapojua kwamba hakuna mwingine atakayekuja kuchimbia nyaya zake mtaa ule ule. Ukipewa eneo peke yako, unakubali bei ipangwe, unalazimika kumhudumia kila anayeomba, na mtaji unaupata kwa bei nafuu. Wisconsin na New York ziliunda tume za kudhibiti mwaka 1907, nyingine zikafuata, na mapatano hayo yamebaki kuwa msingi wa kampuni nyingi za umeme duniani mpaka leo.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Alirundika kampuni mama juu ya kampuni mama, kila moja ikikopa kwa kutegemea gawio la iliyo chini yake, na mwaka 1932 rundo lote likaanguka. Chicago haikuingia gizani, kwa kuwa kampuni iliyomiliki mitambo na nyaya iliendelea na kazi. Waliopoteza ni watu wa kawaida walionunua hisa za makampuni ya juu wakidhani wamenunua umeme. Mwaka 1935 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuvunja marundo ya aina hiyo.

Sasa, mdhibiti anapangaje bei? Kwa lugha nyepesi: anachukua thamani ya mali za kampuni, anazidisha kwa kiwango cha faida anachokiruhusu, anaongeza uchakavu, kodi, mishahara na mafuta, kisha anagawanya kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Mali ya bilioni 10 kwa asilimia 7 inaipa kampuni milioni 700. Ikitaka milioni 770 njia ni wazi: ijenge zaidi. Wachumi Harvey Averch na Leland Johnson waliliandika hili mwaka 1962, na sijaona kampuni iliyopona kabisa ugonjwa huo. Waambie wakurugenzi wachague kati ya kujenga kituo kipya cha kupooza umeme na kuvilipa viwanda vipunguze matumizi saa za jioni. Kanuni ya mdhibiti imeshawachagulia. Si lazima wawe wabaya. Wanafanya kile wanacholipwa kufanya.

Lakini kuna upande ambao kampuni kubwa iliyoungana inafanya vizuri kuliko mtu yeyote. Twendeni kwenye chumba cha udhibiti wa gridi.

Ukutani kuna namba moja ambayo macho ya kila mtu hayabanduki: masafa ya umeme, yaani mara ambazo mkondo unarudia mzunguko wake kwa sekunde: hezi 50 katika nchi nyingi, 60 kwingine. Wateja wakiwasha vifaa kwa pamoja, namba inateremka: 49.95, 49.90. Mashine zinazozunguka mamia ya kilomita kutoka hapo zimepunguza kasi kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na vidhibiti vyake vinaongeza maji au mvuke. Msimamizi wa zamu ana orodha ya mitambo kwa mpangilio wa gharama. Upepo, jua na maji ya mto yasiyohifadhika huingia kwanza kwa kuwa hayana mafuta ya kununua. Nyuklia, makaa ya mawe na gesi hufuata, kila moja kwa bei yake ya siku hiyo. Dizeli huwashwa mwisho, na mhasibu akijua analala vibaya. Maji ya bwawa yana hesabu yake peke yake: kuyapata ni bure, ila ukiyamwaga leo hutayakuta kiangazi. Bei yake ya leo ni gharama ya mtambo utakaolazimika kuuwasha siku bwawa litakapokauka.

Dawati moja linapoona mabwawa yote, nyaya zote na wateja wote, linaweza kufanya uamuzi ambao mwenye kipande kimoja hawezi. Mfano ninaoupenda ni Dinorwig, kituo kilichochimbwa ndani ya mlima huko Wales na kuzinduliwa mwaka 1984. Maji hupandishwa usiku kwa pampu hadi ziwa la juu, yakasubiri, kisha yakaachiwa pale taifa linapohitaji nguvu ya ghafla. Uwezo wake ni zaidi ya megawati 1,700, na mashine zikiwa tayari zinazunguka, hufikia nguvu kubwa kwa sekunde chache tu. Sasa mwonyesheni mwekezaji anayeuza uniti. Atauliza: huu mtambo unatumia umeme mwingi kuliko unaourudisha, kichaa gani aliujenga? Aliyeujenga ni shirika la umma lililokuwa na mitambo pamoja na gridi ya Uingereza na Wales kwa wakati mmoja. Lilijua thamani ya sekunde zile, kwa sababu gharama ya kuzikosa ingelirudia lenyewe.

Hapo ndipo ninaposema kampuni hizi zinauza utayari. Uniti ni namna tu ya kuandika bili.

Serikali ya Uingereza haikuridhika na hali hiyo, na ilikuwa na sababu: shirika lile lilikuwa zito, likijijengea mitambo ghali bila mtu wa kuliuliza. Sheria ya mwaka 1989 ililivunja, na kuanzia 1990 uzalishaji, gridi na usambazaji vikawa mikononi mwa kampuni tofauti. Chile ilikuwa imeshatangulia mwaka 1982. Wenye mitambo mbalimbali walishindana kuuza kwenye soko la jumla, na gharama nyingi zilipungua, hilo tulikubali. Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Wanunuzi wa rejareja walianza kununua mitambo, wenye mitambo wakaanza kununua wateja, na katika miaka ya 2000 soko la Uingereza lilitawaliwa na kampuni sita, kila moja ikiwa na mitambo mkono mmoja na wateja mkono mwingine.

Hakuna aliyewaamuru. Bei ya jumla ikipanda, mtambo unapata na duka la rejareja linapoteza. Ikishuka, kinyume chake. Ukivimiliki vyote viwili, faida ya huku inaziba hasara ya kule. Ni bima isiyo na karatasi. California ilijifunza hili kwa machozi: kampuni zake ziliuza mitambo mingi, zikawa zinanunua sokoni siku kwa siku, huku bei kwa mteja ikiwa imegandishwa kisheria. Bei ya jumla iliporuka mwaka 2000, kila uniti iliyouzwa ilikuwa hasara, na Aprili 2001 PG&E, mojawapo ya kampuni hizo, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Uingereza nayo ilipata zamu yake gesi ilipopanda mwaka 2021: zaidi ya wauzaji 25 wa rejareja walianguka, wengi wakiwa wadogo wasio na mtambo wala mikataba ya muda mrefu ya kutosha. Wateja wao walihamishiwa kwingine, na gharama ikagawanywa kwenye bili za watu wote, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuzifuata bei zao za kuvutia.

Sasa mtaniambia: basi tuungane, hadithi iishe. Hapana. Tuitazame EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa.

Iliundwa kwa sheria ya Aprili 1946 kwa kutaifisha zaidi ya kampuni elfu moja. Mchumi wake Marcel Boiteux, aliyekuja kuiongoza kwa miaka mingi, aliisukuma itoze bei kulingana na gharama halisi ya saa na msimu, wazo lile lile la kilele likifanyiwa hesabu za kisasa. Mafuta yalipopanda bei, serikali ya Pierre Messmer iliamua mwaka 1974 kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi na kwa miundo michache inayofanana, na hatimaye vikafika 58. Mradi wa namna hiyo unahitaji kampuni yenye wateja wa uhakika kwa miaka 40. Hakuna benki ingemkopesha muuzaji anayeweza kukimbiwa na wateja Jumatatu.

Kisha soko la Ulaya likafunguliwa, na washindani wakalalamika: EDF ina vinu vilivyokwisha kulipiwa, sisi tutashindana vipi? Sheria ya mwaka 2010 ikailazimisha iwauzie hadi terawati-saa 100 kwa mwaka, yaani uniti bilioni 100, kwa bei iliyofika euro 42 kwa megawati-saa, yaani kwa uniti 1,000, mwaka 2012 na kubaki hapo. Wanafunzi wa fedha, naomba mtege masikio. Washindani walikuwa na haki ya kununua, bila wajibu wa kununua. Bei ya soko iliposhuka chini ya 42, kwa mwaka 2016 hakuna aliyechukua hata uniti moja. Ilipopanda, waliomba zaidi ya kiwango. Faida ya bei kupanda ilikuwa imeshakabidhiwa kwa wengine, na hasara ya bei kushuka ilibaki kwa EDF.

Mwaka 2022 ndio uliofichua yote. Serikali, ikitaka kuwakinga wananchi, iliongeza terawati-saa 20 kwenye mgao huo. EDF ilikuwa imeshauza umeme wake wa mwaka huo. Ikabidi iununue tena kutoka kwa washindani wale wale kwa karibu euro 257 kwa megawati-saa, na kuwauzia kwa euro 46 na ushee. Ndiyo, mmenisikia sawasawa. Katika mwaka huo huo, nyufa za kutu kwenye mabomba ya baadhi ya vinu zililazimisha vizimwe kwa ukaguzi, na uzalishaji wa nyuklia ukaporomoka hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Kampuni ikapata hasara halisi ya euro bilioni 17.9. Mwaka uliofuata serikali ilinunua hisa zilizobaki mikononi mwa watu binafsi na kuimiliki yote. Utaratibu wa euro 42 ulikoma mwisho wa 2025.

Kwenye mchoro, EDF ilibaki kampuni iliyoungana. Ndani ya mikataba, bima yake ilikuwa imeshauzwa. Ndiyo maana siamini michoro ya muundo wa kampuni mpaka nione mikataba.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Kampuni yao kubwa, E.ON, iliitenga mitambo yake ya makaa na gesi katika kampuni mpya, Uniper, mwaka 2016. Miaka miwili baadaye ilitangaza kubadilishana mali na RWE, kampuni nyingine kubwa ya umeme ya Ujerumani: E.ON ichukue nyaya na wateja, RWE ichukue mitambo ya upepo na jua. Gesi ya Urusi ilipokatika mwaka 2022, aliyezama ni Uniper, na serikali ikainunua karibu yote. E.ON ilisimama. Wengine husema hii inathibitisha ubora wa kutengana. Mimi nasema hatari ya gesi haikupotea kwa kutenganishwa. Ilipewa jina jipya, na mwishowe ikatua kwa mlipa kodi.

Na kuna hali ambapo kuungana hakumkingi mtu, kwa sababu bili hailipwi. Eskom ya Afrika Kusini, iliyoundwa mwaka 1923, iliwahi kusifiwa kwa umeme wa bei nafuu. Mitambo ilizeeka, mipya ikachelewa na kuzidi bajeti, manispaa zikaacha kulipa, na mwaka 2023 hazina ikatangaza kuibebea deni la rand bilioni 254. Kampuni tanzu ya usafirishaji wa umeme ilianza kazi kivyake Julai 2024. Uganda ilikuwa imegawa shirika lake mwaka 2001 na kumpa mwekezaji binafsi usambazaji kuanzia 2005. Mkataba wa miaka 20 ulipokwisha Machi 2025, serikali ikaurudisha mikononi mwake. Nchi moja inatenganisha, nyingine inarudisha, na zote zina sababu za kueleweka. Bei isiyofidia gharama huua muundo wowote.

Nije kwenye leo. Mteja mwenye paneli juu ya paa ananunua uniti chache mchana, lakini jioni anaitaka gridi nzima imsubiri. Kampuni inayotoza kwa uniti peke yake inapoteza mapato yake ya mchana na kubaki na gharama zile zile za jioni, kisha inaomba bei ipandishwe, na anayelipa ni mpangaji asiye na paa. Mwenye paneli hajafanya kosa. Amesoma bei aliyopewa. Dawa ni kuutoza utayari waziwazi, kwa ukubwa wa muunganisho na kwa saa, huku miunganisho midogo ya watu wa kipato cha chini ikitozwa kidogo sana. Bila sharti hilo la mwisho, mageuzi haya yatakuwa njia ya kumlipisha mnyonge kwa heshima zaidi, na bunge lolote lenye akili litayakataa.

Kama mimi ningekuwa kwenye bodi, pesa ya kwanza ningeipeleka kwenye nyaya. Mitambo ya upepo na jua sasa inajengwa haraka kuliko njia za kuufikisha umeme wake, na faida ya nyaya hutegemea mdhibiti zaidi ya bei ya gesi. Katika uzalishaji, ningehakikisha kila ahadi ya bei niliyompa mteja ina mtambo wangu au mkataba wa muda mrefu nyuma yake, kisha niache hapo. Megawati za ziada za kubahatisha soko ziende kwa wanaopenda kubahatisha. Betri ningezimiliki kwa ajili ya kilele, si kwa ajili ya picha.

Jambo moja najua litaniletea ugomvi na wakurugenzi wenzangu. Mwendeshaji wa gridi, yule anayeamua mtambo gani uwashwe na nani aunganishwe lini, ningemtoa nje ya kampuni kabisa, hata kama nyaya zinabaki zetu. Mwekezaji wa shamba la upepo hawezi kuweka mtaji wake kwenye foleni inayoshikwa na mshindani wake, na akiondoka, kampuni itabaki na nyaya zisizo na cha kubeba. Dawati lile lile la kuona yote linaweza kuendelea kuona yote likiwa na mwajiri mwingine. Tutapoteza urahisi fulani wa kupanga matengenezo, wahandisi watanung'unika, na nitawaelewa.

Nakaribisha maswali.